Baroni Niliyekataa Kumwita Msaliti

Nilikuwa na miaka thelathini na minane nilipofukuzwa darasani, na mpaka leo sijaomba radhi.

Lilikuwa darasa la Kifaransa, Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha kupanga pale mtaa wa Themi, mjini. Tulikuwa saba, karibu wote waongoza watalii. Mimi hupandisha wageni Mlima Meru, na nilikuwa nimechoka kuona Wafaransa wakipewa wenzangu wanaojua lugha yao. Mwalimu wetu, mzee mstaafu kutoka Kilimanjaro, alimpa kila mmoja mtu wa kale wa Ufaransa amweleze mbele ya darasa. Ukifaulu, unapata cheti. Wenzangu walipewa malkia na wajenzi wa makanisa. Mimi nikapewa baroni, kabaila mdogo mwenye ngome moja na mji mmoja.

Mji wake ulikuwa kando ya mto, katikati ya wafalme wawili waliokuwa wakipigana. Alimwapia wa kwanza kwamba atamtii. Jeshi la wa pili lilipofika, akafungua lango na kumwapia huyo. Yule wa kwanza alipopata nguvu tena, akarudi kwake. Mwishowe hakuna aliyemwamini. Alinyang'anywa ngome, akafa akiwa mgeni nyumbani kwa mkwewe. Kitabu kilimaliza kwa kusema alikuwa msaliti.

Sentensi hiyo haikuniingia. Baba yangu aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji huko juu kwenye miteremko ya Meru, na alihama chama mara mbili. Tulipokuwa wadogo tulizomewa njia nzima ya kwenda mtoni: watoto wa kigeugeu hao, wa msaliti! Rafiki yake wa tangu ujana aliacha kumsalimia hata kanisani. Lakini kila alipohama alikuwa akifuata chama kilichoahidi bomba la maji, na siku lilipotoa maji, waliotuzomea walikuja na ndoo kama wengine.

Nikampelekea baba ile habari ya baroni. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona umekuja na makaratasi?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kufungua malango alicheka. Nikafika mahali ambapo baroni alimtoa mwanawe akae kwa mfalme kama dhamana ya kiapo, kisha akakivunja kiapo huku mtoto bado yuko kule. Baba akaacha kukata.

"Mtoto alirudi?"

"Alirudi mtu mzima. Hakuzungumza tena na baba yake."

Akarudi kukata majani. "Basi na hilo uliseme. Usimpambe."

Jumamosi iliyofuata nilisimama nikaeleza yote kwa Kifaransa changu cha kuungaunga: viapo, malango, mtoto. Nikakaa.

"Sentensi ya mwisho iko wapi?" mwalimu akauliza kwa Kiswahili, ili nisijifanye sikuelewa.

"Nimeiacha, mwalimu. Siikubali."

"Hukuombwa kukubali. Mtu aliapa mara tatu!"

"Ndiyo. Na mji wake haukuchomwa hata mara moja. Wale wafalme wawili walichoma miji mingapi? Mbona wao kitabu hakiwaiti chochote?"

Jirani yangu alinivuta sketi nikae, kumbe nilikuwa nimesimama tena.

"Huyu alimtoa mwanawe," mwalimu akasema.

"Nimesema. Hilo simtetei. Lakini watu wa ndani ya zile kuta walilala na paa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyewauliza wao wanamwitaje."

Mwalimu akavua miwani. "Iseme ile sentensi, au utoke."

Niliweka daftari kwenye mkoba. Nikatoka nikatembea kwa miguu hadi mtaa wa Kimandolu, jua la saa tano likinipiga utosini, nikiendelea kubishana peke yangu mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama niko salama.

Cheti sikupata. Kifaransa nilikimalizia mwenyewe, kwa redio na kwa kuwauliza wageni bila aibu, na sasa napandisha Wafaransa kama wengine.

Baba nilimweleza jioni ileile. Nilitegemea anisifu. Badala yake alitaka kwenda kwa mwalimu na mkungu wa ndizi aniombee nirudi.

"Huendi popote, baba."

"Mwanangu, ni sentensi moja tu. Mimi ningeisema, nichukue cheti changu, kesho niendelee na mambo yangu."

"Najua ungeisema."

"Sasa kwa nini wewe hukusema?"

"Kwa sababu walikuita hivyo na wewe, na siku hizo nilikuwa mdogo, nikanyamaza."

Baba alivuta kigoda kingine, akakiweka karibu na chake, akaniambia nikae, chai iko tayari.