Hatua ya tisa, ile ya mbegu

Shemeji yangu alipohamia Kindu aliniachia ukurasa, jinsi mtu anavyomwachia jirani mbuzi wake. "Umuangalie tu," alisema. "Haombi kitu." Mbuzi ukiambiwa haombi kitu, jua atakula mpaka kaye zako, yale madaftari ya shule.

Ukurasa wenyewe uko mtandaoni, ni maelezo ya Kiswahili, hatua kumi na moja, ya namna ya kutengeneza pochi ya pesa za mtandaoni, zile ambazo hazina noti wala benki. Programu ya pochi haina mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wanaiandika bure na yeyote anaichukua bure. Mwenye mashini mpya, yaani kompyuta, anaipata ikiwa tayari. Lakini mashini za kwetu Kasongo zilishakufa mara moja huko Ulaya kabla ya kuja kufufukia hapa, kwa hiyo kwetu haiji tayari. Unapewa unga, unasonga bugali mwenyewe. Ukurasa wangu ndio uliokuwa unaonyesha namna ya kusonga.

Kazi yangu ilikuwa hivi: kila mara watu wa ng'ambo wanapobadilisha unga, mimi natafuta mashini ambayo haijui kitu, nafuata kila hatua kama mtu ambaye pia hajui kitu, na pale ninapokwama narekebisha. Kuwa mjinga kwa makusudi kunachosha kuliko hesabu. Ujinga wa bila makusudi, ninaoufanya darasani, angalau unapumzisha. Halafu kuna reso, yaani mtandao wenyewe. Unaanza kupakua ukitoka shule, unaenda kuteka maji, unarudi, mstari uko palepale. Wingu linakuja, reso inaenda kwao. Malipo yalikuwa picha ya kidole gumba. Kwa mwaka mzima nilipata vidole gumba vinne, na kimoja nadhani mtu alikosea kubonyeza.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, na prefe, mkuu wa shule yetu, alidhani usingizi wangu darasani ni wa kilimo.

Uchovu ndio ulionifanya nianze kutia utani. Hatua ya tatu, mahali mashini inapochukua muda, niliandika: "Sasa ngoja. Ukiwa na mchumba, nenda ukamsalimie." Hakuna aliyelalamika. Basi nikafika hatua ya tisa. Hapo pochi imeshaiva, nayo inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Mashini ikifa, maneno hayo ndiyo yanayorudisha pesa zako kwenye mashini nyingine. Yakipotea, au mwingine akiyasoma na kuzichukua, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Wenye kazi hii wanayaita mbegu. Mimi nikaandika: "Chunga mbegu yako vile mama yako anachunga mbegu ya mahindi." Nilicheka peke yangu, nikatuma. Watu wa ng'ambo, ambao hawajui hata "jambo", wakatia kidole gumba.

Alhamisi moja, baada ya masomo, nilikuwa kwenye kibanda cha dada ambako ninachaji simu za watu. Pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia mashini iliyofungwa kwenye shitingi, turubai la plastiki.

"Weye njo kijana anajua mashini?"

"Inategemea mashini imefanya nini, Madamu."

"Imeanguka mu mto, mu Luama."

"Hii?"

"Ile ya kwanza. Hii nimeazima."

Alikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Wamaza, na alikuwa ametumia siku mbili njiani. Watoto wa kule wanaoishi nchi za mbali walikuwa wamekusanya pesa za kuezeka shule yake, wakazituma kwa njia ya pochi hii. Yeye peke yake kijijini aliweza kuendesha mashini, basi akawekwa kuzichunga. Mashini ikateleza kwenye mtumbwi. Tangu siku hiyo, alisema, wazazi wanapita asubuhi mbele ya darasa lake na kutazama juu, mahali paa lilipopaswa kuwa.

"Hawasemi kitu. Wanaangalia tu juu. Moja peke njo aliuliza kama mu Luama samaki wanajenga na mabati."

Nilitaka kucheka. Uso wake haukuniruhusu.

Akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ukurasa wangu, umechapishwa. "Nimefuata hii. Mara ya kwanza iliingia, sasa iko nakwama hatua ya sita. Mwenye aliandika hii, sijui alikuwa amelewa."

"Inawezekana, Madamu," nilisema, nikaichukua karatasi.

Nikaanza kufuata ukurasa wangu mwenyewe, mbele ya macho yake. Juu kabisa, chini ya kichwa, kulikuwa na neno moja: "Imejaribiwa." Nililiandika wiki ya mitihani bila kujaribu kitu, kwa sababu nilichoka na kwa sababu hakuna aliyekuwa anasoma. Hatua ya sita ikavunjika palepale alipokwama. Ilikuwa inamtuma mtu achukue kifurushi ambacho jina lake lilibadilishwa miezi mingi nyuma. Ni kama kumtuma mgeni kwa mzee aliyehama.

Kurekebisha kulichukua michana miwili. Madamu alikaa kwenye benchi akisahihisha kaye za wanafunzi wake kwa biki nyekundu, maana alikuja nazo zote. Kaye zilipokwisha akahamia kwenye ukurasa wangu. Chini ya ule utani wa mchumba alipiga mstari na kuandika pembeni: "Nje ya somo." Nilijifanya naangalia waya.

Jumamosi pochi ikaiva, ikaomba yale maneno kumi na mawili.

Madamu akafungua mfuko wa plastiki. Karatasi iliyotoka humo ilikuwa na rangi ya samaki mkavu, na kibanda kizima kikanuka moshi wa jikoni.

"Madamu, hii imepita wapi?"

"Juu ya mafiga ya mama."

"Iliendaje juu ya mafiga?"

Akanyoosha kidole kwenye hatua ya tisa. "Hapa banasema hivyo. Chunga vile mama anachunga mbegu ya mahindi. Minamusomea mama na Kibangubangu, akaipokea na mikono mbili. Akaifunga na kamba katikati ya mahindi, pale moshi inapita. Alifurahi sana. Anasema, mwisho wa mwisho, wenye mashini bamekuja kuuliza namna banafanya vitu."

Ninajua namna wanavyofanya. Hata mama yangu anafanya vile. Magunzi yaliyochaguliwa, punje zikiwamo, yanafungwa kwa maganda yake, yanatundikwa juu ya moto, masizi yanayavaa, na fukusi hagusi. Ikifika mvua na jirani akaomba, unampa, kwa sababu mbegu hainyimwi. Nilipolikumbuka hilo nikauliza haraka.

"Kuna mutu aliomba?"

"Jirani. Alisema naye apewe ile ya karatasi, atapanda yake. Mama akamwambia angoje mvua."

"Na mvua ilikuja?"

"Haijakuja bado. Na dudu haikuigusa hata moja," alisema, akilaza karatasi mezani. "Ile ni kweli."

Maneno kumi na moja yalisomeka. Neno la saba lilikuwa na herufi mbili tu, m na a, kisha tone la masizi kubwa kama jicho la kuku. Nilijaribu kukwangua na ukucha, karatasi ikaanza kutoka nayo, nikaacha. Dada alikuja kuniuliza kama ninaumwa, kwa sababu nilikuwa nimekaa saa nzima bila kuzungumza upuuzi.

Bahati ni kwamba maneno hayo hayatoki hewani. Yanatoka kwenye orodha, na kwenye orodha hiyo yanayoanza na m na a ni thelathini na kitu. Nikayaandika yote kwenye kaye ya jiografia. Tukaanza kujaribu, moja moja. Yeye anachagua na kusoma, mimi naandika. Mashini inakataa. Yeye anafuta kwa nyekundu.

Moja likakubaliwa. Kwa Kiswahili maana yake ni soko. Madamu akasimama. Pochi ikafunguka, ikaanza kutafuta habari zake kwa reso ya Kasongo, na tukangoja mpaka adhana ya alasiri ikapita. Habari zilipofika, pochi ilikuwa tupu. Siyo kwamba mtu aliiba. Hutokea neno lisilo sahihi likakubalika kwa bahati, likafungua pochi ya mtu ambaye hajawahi kuwepo.

"Soko tupu," nilisema. Mdomo wangu una miguu yake.

Hakucheka, wala hakunigombeza. Alikaa tena kwenye benchi, akaiambia mashini, polepole: "Miye sikuiba."

Hapo ndipo uchovu wote wa mwaka ule ulinikaa shingoni. Nikasema, "Madamu, ile karatasi ni miye niliandika."

"Ninajua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. 'Inategemea mashini imefanya nini.' Ni sauti moja na ya karatasi." Akashika biki yake. "Tulikuwa tumefika wapi? Endelea."

Tukaendelea. Neno la nne baada ya hapo likakubaliwa. Tukangoja tena, na safari hii hakusimama. Pesa za mabati zilikuwemo, zote. Alifunika kioo kwa kiganja, kama mtu anayekinga koroboi na upepo, akaniambia nigeuke. Niligeuka.

"Ni neno gani?" aliniuliza mgongoni. "Kwa Kiswahili."

"Ndoa, Madamu."

"Usiseme mbele ya mama. Ananiombea ile neno tangu miaka. Atasema njo yeye aliifungua."

Jumapili asubuhi, akingoja motari wa pikipiki, alinilazimisha niandike hatua ya tisa upya, palepale, kama imla. Nilianza: "Pochi siyo hindi." Akapiga mstari. "Unaanza tena kucheka. Andika vile mutu atafanya na mikono yake." Niliandika mara nne. Mwisho ikabaki hivi: "Andika maneno kumi na mawili kwa biki kwenye karatasi mbili. Ziweke katika nyumba mbili, mahali pakavu, mbali na moto na moshi. Usimwonyeshe mtu, hata akiomba vile watu wanaomba mbegu." Alisoma, akasoma tena, akaandika chini kwa nyekundu alama yangu: kumi na mbili kwa makumi mawili. Kisha akafunga mashini kwenye shitingi na kupanda.

Nilituma mabadiliko. Mtu mmoja wa ng'ambo akauliza sababu yake ni nini. Nilifikiri namna ya kumweleza mafiga, magunzi, na mama aliyefurahi kuulizwa, nikaona Kiingereza changu hakitafika huko wala sina nguvu. Nikaandika: moshi. Akatia kidole gumba.

Juzi unga umebadilishwa tena. Nimeazima mashini ya binamu, ambayo haijui kitu, na niko hatua ya nne, reso imeenda kwao. Neno lile la juu, "imejaribiwa", nimelifuta. Nitaliandika nikimaliza, kama nitamaliza.