Niliyokuwa Nikimwambia Paka

Nina mdomo. Majirani zangu wa Bigwa wanaujua, wateja wangu wanaujua, na marehemu mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa mwanamume ningekuwa kondakta wa basi. Nilizoea kucheka nikisikia hivyo. Siku hizi nikikumbuka niliyoyasema ndani ya nyumba yangu mwenyewe mwaka jana, natamani ardhi ipasuke.

Mimi ni fundi cherehani. Sina fremu ya duka mjini. Nashonea sebuleni, cherehani nimeiweka kwenye dirisha la upande wa mlimani, na vitambaa vya wateja vinakaa kwenye kabati lisilofungika vizuri. Nina paka jike wa mabaka ya njano na meupe, nilimchukua mdogo kwa ajili ya panya. Alikuwa hana neno. Akisikia hodi anaingia chini ya kabati, mgeni akiondoka anatoka. Haja zake alikwenda kuzimaliza kwenye migomba, anafukia vizuri, anarudi kulala juu ya vipande vya vitambaa.

Kisha nikamleta mama. Alikuwa anaishi peke yake kule juu milimani, ambako masika hata pikipiki hukwama, na magoti yalikuwa yamemchosha. Alikubali kushuka kwa shingo upande. Alikuja na mkeka wake, ndoo ya maharage na kuku kadhaa kwenye tenga, nikampa chumba kinachopakana na sebule. Paka akachanganyikiwa kabisa. Fimbo ya mama ikigonga sakafu, yeye yuko juu ya kabati, manyoya yamemsimama. Kabla mama hajazoea hata bomba la uani, paka akakikojolea kitenge cha sare ya harusi. Mteja alikinusa mbele yangu, akakikunja taratibu, akakiweka mezani. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda kumuuliza mama mmoja anayeuza dawa za mifugo. Akaniambia nisimpige, paka akiingiwa na hofu ndivyo anavyofanya. Nimtafutie pa kujificha, nimwekee mchanga mahali pa kimya, niondoe kelele. Nikaweka karai la mchanga nyuma ya mlango wa stoo, boksi chini ya meza, na kuku wa mama nikawahamishia kwenye banda la jirani. Paka akatulia kweli. Kila asubuhi nilikuta mchanga umefukuliwa. Akamzoea hadi mama, akawa analala miguuni pake.

Harufu ndiyo haikuondoka. Sasa ilitoka chumbani kwa mama. Naingia asubuhi, godoro bichi katikati, mama amekaa ukingoni mwa kitanda anatazama dirishani.

"Paka wako kanifanyia tena, mwanangu," anasema.

Siku nyingine ilikuwa shuka, siku nyingine khanga yake ya kuswalia. Mama ni mtu wa swala tano tangu namfahamu, na ghafla nikawa naona adhuhuri inapita hajatandika mswala. Nikimuuliza, anasema paka kamnajisi, anangoja nguo zikauke. Mimi moyo unaniuma kwa ajili yake, na hasira zote namgeuzia paka.

Sikujiuliza chochote. Nilikuwa na mkosaji aliyekwisha kukamatwa na kitenge cha watu. Ya nini kutafuta mwingine? Nilikuwa naingia mle chumbani na ndoo, siki, ndimu, na mdomo wangu. Nitayaandika niliyokuwa nikiyasema, maana nikiyaficha nitakuwa najipendelea.

"Mtu mzima huna haya! Unalishwa, unalala pazuri, kazi yako kuninukishia nyumba! Wateja wananikimbia kwa ajili yako! Ungebaki huko huko ulikotoka!"

Hilo la mwisho halikuwa hata na maana, kwa sababu paka huyo alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwangu. Mama alikuwa akisikiliza yote, mikono juu ya mapaja. Nikimaliza, anasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama. Basi. Imetosha." Nikadhani anamwonea paka huruma.

Na mambo mengine niliyaona, nikayapa maana ninayoitaka mimi. Mama aliacha chai ya jioni, akasema inamkosesha usingizi. Asubuhi nilikuta amekwisha kuanika khanga zake kwenye seng'enge nyuma ya nyumba, mwanamke wa magoti yale, amechota maji na kufua kabla sijaamka. Nikamsifu. Nikawaambia wateja mama yangu bado ana nguvu, hataki kukaa bure. Wateja hao hao wakikunja pua, nacheka kwa sauti kubwa: "Jamani msinitazame mimi, ni paka!" Ukuta kati ya sebule na chumba cha mama ni wa tofali moja na haufiki kwenye paa.

Ikafika siku mteja mmoja, mwalimu wa Mzumbe aliyekuwa ananiletea kazi nyingi, alipojaribu gauni akanusa kwapa la gauni, kisha akanusa hewa, akaaga mapema. Nikasema leo ni leo. Huku kwetu paka msumbufu hauawi. Unamtia kwenye kiroba, unakizungusha apoteze njia, unakwenda kumfungulia mbali, penye vichwa vya samaki asife njaa. Ukiulizwa, unasema umemhamisha. Nilimwita bodaboda wa mtaani kwetu, baba wa watu mwenye mvi, nikamwambia ampeleke mbali, sokoni Kingolwira.

Alipofika nilikuwa uani nakizungusha kiroba, paka analia ndani yake, na mimi natoa hotuba ya kuagana.

"Nenda! Anayekojoa kitandani hakai kwangu!"

Mama akatoka. Alikuwa amevaa baibui lake la safari. Mkononi alikuwa na fimbo na mfuko wa nguo, na mkeka ameubana kwapani.

"Shikamoo mama," akasema yule baba.

"Marahaba. Pikipiki yako inabeba wawili?"

"Unaelekea wapi, mama?"

"Huko anakopelekwa paka."

Nilicheka. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ni utani wa kumwokoa mnyama. Mama hakucheka.

"Paka hajakojoa kitandani kwangu hata siku moja," akasema. "Ni mimi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, uani, mchana, mbele ya mwanamume asiye wa nyumba yetu. Mama huyu huyu alinifundisha nguo za ndani zianikwe chini ya khanga, mpita njia asizione. Yule baba aliinama akaanza kuukagua mnyororo wa pikipiki yake, akaukagua muda mrefu, kisha akaisukuma hadi barabarani bila kuiwasha. Hakudai chochote. Hata leo tukikutana ananisalimia haraka haraka, na mimi naitika nikiangalia pembeni.

Nilipiga magoti pale pale kwenye mchanga. Mdomo wote ule! Nilichopata kusema kilikuwa cha kujitetea.

"Mama, mimi nilikuwa namgombeza paka."

"Najua," akasema. "Lakini aliyekuwa anasikia ni mimi."

Akaweka mkeka chini, akainama kwa shida, akafungua kiroba. Vidole vyake vilikawia kwenye fundo, nami nikaogopa hata kumsaidia. Paka alitoka mbio akaingia ndani, chini ya kabati. Mama naye alirudi ndani, lakini mfuko hakuufungua siku ile wala iliyofuata. Nilikuwa nauona umekaa mlangoni pa chumba chake kila nikipita, nikawa napita taratibu.

Tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi alizungumza naye peke yake, mlango umefungwa, na nilistahili kufungiwa nje. Akapewa dawa, tukaelekezwa mpira wa kutandika juu ya godoro, akaambiwa hayo huwapata wengi waliozaa sana na asione vibaya. Hali yake ni nzuri zaidi sasa, na swala zake amezirudia. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Ninaamini kwamba anataka yawe yamekwisha.

Shuka zake hataki nizishike. Niliwahi kung'ang'ania moja, tukaivuta huku na huku kama watoto, mpaka nikaona macho yake nikaiachia. Anaamka kabla yangu, nasikia maji yakimiminika kwenye beseni, nami nalala kimya nikijifanya sijaamka. Ndiyo heshima pekee aliyoniachia nimpe.

Mdomo nimejitahidi kuufunga, ila tabia haiishi kwa siku moja. Juzi asubuhi nilikuwa nakata shingo ya gauni, paka akaruka mezani, mkasi ukateleza, kitambaa cha watu kikaharibika. Nikapiga kelele bila kufikiri: "Toka hapa! Umenichosha!"

Paka hakujali. Alishuka akajinyoosha mlangoni. Lakini upande wa pili wa ukuta nilisikia kitanda kikilia, na fimbo ikitafuta sakafu, mama anainuka.