Nguo Tatu za Kwenda Pwani

Mama yangu alifua nguo za watu kwa miaka kumi na saba, na nadhani ndiyo sababu hakupenda nguo. Sisemi hakupenda kupendeza, la. Lakini akiona nguo yeye aliona sabuni, maji baridi, kamba na pasi. Kila asubuhi alitoka chumbani mwetu Kibera, upande wa Makina, akaenda Kilimani kugonga mageti ya matajiri, na jioni akarudi vidole vimenyauka. Katikati ya miaka ya tisini miguu ikaanza kumvimba, na kifua kikakataa kupona. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba haina adabu. Daktari wa zahanati alimpa vidonge akamwambia apumzike. Apumzikie wapi, hakusema.

Aliyejua ni mwenye nyumba wetu, mjane wa Kinubi aliyekuwa na binti ameolewa Mombasa. Kila mwezi wa nane alienda kukaa naye wiki mbili, na mwaka huo akamwambia Mama waende wote. Nyumba ya binti ilikuwa karibu na bahari, alisema. Asubuhi unakaa kwenye mchanga, unatia miguu majini, na hakuna anayekuuliza kitu. Mama hakuwa amewahi kusafiri isipokuwa kwenda kwetu ziwani, na huko tulienda kuzika. Alikubali mwenzake hajamaliza kusema.

Basi mwenye nyumba akamfunza kusafiri. Pwani ni joto, usibebe koti, usibebe chochote kinachotaka pasi. Madera mawili na jozi moja ya leso, yatosha. Unafua ukioga, unaanika, kabla ya chai zimekauka. Mama alilipenda somo hilo kupita kiasi. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akamwaga kila kitu, na badala ya kuchagua nguo za kubeba, akachagua zile ambazo hataki kuzivaa tena maisha yake yote. Blauzi za kola. Sketi za marinda. Suti ya kanisani, ya mtumba lakini safi, ambayo kuipiga pasi kulimla Jumamosi nzima. Alibakisha zile tatu za pwani na sweta ya kurudia Nairobi. Nyingine akawagawia majirani, wengi wao watu wa kwetu ziwani, na suti akampelekea shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyekaa Kawangware, karibu na kituo cha 46.

Sasa, kwetu nguo za mtu hugawanywa mara moja tu. Mtu akishazikwa, siku wageni wanapoondoka, nguo zake zinatolewa nje, zinawekwa kwenye mkeka, na ndugu wanapewa mmoja mmoja. Aliyezaliwa kule hahitaji kuambiwa. Kwa mwenye nyumba wetu ile ilikuwa sadaka, na sadaka ni baraka. Kama Mama alisahau mila au aliipuuza, sijui.

Mimi nilikuwa nimepanga Gatina, huko huko Kawangware, nikisuka nywele kwenye saluni ya mtu. Shangazi alinijia pale na suti imefungwa kwenye karatasi. Hakuthubutu hata kuilaza nyumbani kwake. Akaniambia Mama amejua siku yake imefika, anatuaga, na hiyo Mombasa ni kisingizio. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikatembea kwa miguu mpaka Kibera. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, mpaka leo ndivyo nilivyo.

Nilianza na majirani. Nilipita mlango kwa mlango nikidai nguo za mama yangu, na wote walizitoa haraka, bila hata kuuliza. Mmoja alikuwa amezitundika nje, kwenye msumari, asitake kuziingiza ndani. Kumbe wote walikuwa wanawaza nilichowaza mimi. Walipokea tu kwa sababu ya haya. Nilifika kwa Mama na mzigo mzima mikononi, na watu wananifuata nyuma. Alikuwa ameketi kitandani akikunja leso.

Nikazimwaga zote miguuni pake.

"Nguo za mtu hugawanywa akishazikwa," nikamwambia. "Wewe nani amekuzika?"

Mama aliziangalia zile nguo. Mwenye nyumba akaingia akijaribu kunituliza, akaniambia ni safari tu, binti yangu, mwache akapumzike. Wueh, niliyomwambia yule mama hayasemwi kwa mtu mzima. Nilimwambia mila zake abaki nazo. Nilimuuliza, mama yangu akimfia huko pwani, yeye ndiye atakayeusafirisha mwili mpaka ziwani? Hapo ndipo alipogeuka akatoka. Hasira hasara, watu husema, lakini hawasemi hasara humwangukia nani.

Mama alisema haendi. Alisema polepole, bila ugomvi, kisha akaokota nguo moja moja akazirudisha sandukuni. Ijumaa mwenye nyumba aliondoka peke yake. Jumatatu Mama alienda Kilimani kufua. Na mimi nilirudi Gatina nikijiona nimemwokoa. Aki ya Mungu, nilijisifu hata kwa wateja.

Hakufa mwezi ule. Hakufa mwaka ule, wala uliofuata. Mwenye nyumba aliendelea kumsalimia vizuri, lakini habari ya pwani hakuitaja tena, na baadaye binti yake akahamia Arabuni na mumewe. Mama alipata nafuu kidogo, akarudiwa na ugonjwa, akapata nafuu tena, akifua siku zote hizo. Shangazi mwenyewe, aliyetuletea taarifa ya kifo, ndiye tuliyemzika kwanza.

Mwishoni mwa miaka hiyo nilifika Mombasa kwa harusi ya rafiki. Asubuhi nilishuka ufukweni, na pale penye maji ya kina kifupi niliwakuta wanawake wa rika la Mama wameketi, leso zimelowa mpaka kiunoni, wanaongea mambo yao. Hawakuwa wanafanya kitu chochote. Niliwatazama mpaka nikalia, na sikurudi tena ufukweni siku zile zilizobaki.

Niliporudi nilienda Kibera moja kwa moja. Nilimkuta uani, ameinama kwenye karai, shuka za watu zimemjaa mbele. Nilimwomba msamaha, kisha nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa moyoni miaka yote: siku ile alipogawa nguo zake, alikuwa amehisi nini?

Alinyoosha mgongo kwa shida.

"Sikuwa nakufa, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Kisha akanipa upande wa pili wa shuka, tukakamua.