Mpya Mbele, Alisema Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikukaa chini hata dakika moja. Nilifika gereji ya shamba la chai kule Bulwa nimevaa viatu vyangu vya shule, barua ya ajira mkononi, nikamkuta Fundi Mkuu ameinamia gurudumu la lori. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika bila kugeuka, kisha akasema, "Karani mpya wa stoo ni wewe? Haya, zunguka stoo yote uniletee tairi lililo zee kuliko mengine. Wala usisome maandishi yoyote." Nilizunguka mpaka saa sita mchana. Mwishowe nikamsukumia lile lenye vumbi jingi.

"Hilo ni chafu tu," akasema. Akanionyesha jingine, jeusi, linalong'aa, akaniambia nilikandamize kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha uliteleza kana kwamba nimekwaruza sahani. "Hili ndilo zee. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara, hata kashata zake ziwe ndefu namna gani."

Kashata, kwa ninyi vijana ambao gari likisumbua mnapiga simu, ni ile michoro iliyochongwa kwenye uso wa tairi. Kazi yake ni kukamua maji na matope ili mpira uguse barabara. Zikiisha, tairi linaitwa kipara, na kipara cha tairi hakina hekima yoyote ndani yake. Nimekaa stoo, nimekaa gereji, nimekaa dukani kwangu, na neno "nimekaa" hapa nalitumia kwa mazoea tu. Sijawahi kukaa. Hata haya ninayaandika nimesimama dirishani, na tangu nianze nimeshatoka mara mbili kwenda kutazama matairi ya gari la jirani.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Bungu, Mlutheri, mkali asiyejua kupandisha sauti. Kwa mwaka wa kwanza alinifundisha ukarani. Kuanzia wa pili alinifundisha ufundi, ingawa wanaume wa gereji walinong'ona: mwanamke na matairi wapi na wapi. Aliwaambia tairi halijui nani kalifunga. Nilimpenda tangu siku hiyo kama baba wa pili, na nasema wazi kwa sababu bila kulijua hilo hamtaelewa kosa langu.

Malori yetu yalishusha majani ya chai na kupandisha wachumaji kwenye barabara za udongo mwekundu. Matairi mapya yakija mawili tu, na mara nyingi yalikuja mawili tu, amri ilikuwa moja. "Mpya mbele, Zubeda. Likipasuka la nyuma, dereva anatukana. Likipasuka la mbele, tunachimba makaburi." Alisema kweli. Lori nyuma lina matairi mawili mawili kila upande. Moja likifa, mwenzake anabeba. Mbele kuna moja moja, na hayo ndiyo yanayoshika usukani. Niliirudia amri ile mpaka ikawa kama dua ya kulalia.

Kutoka Bulwa nilihamia hospitali moja ya mlimani, kitengo cha magari. Bosi wangu pale alikuwa Mkuu wa Usafirishaji, bwana mfupi aliyetembea na kalamu sikioni. Yeye wimbo wake ulikuwa mmoja: "Bei, mama, bei kwanza." Kwake nilijifunza mtumba. Nilijifunza kupitisha kiganja ndani ya tairi kutafuta viraka, na kutazama ubavuni kama kuna uvimbe, kwa maana tairi lenye uvimbe limeshakatika nyuzi na linangoja siku yake. Nilijifunza kusoma zile tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tulibishana sana mimi na yeye. Lakini alinipa jambo ambalo mafundi wengi wenye majivuno hawalijui, kwamba mwenye fedha kidogo si mjinga. Anahitaji tu mtu wa kumwambia ukweli apunguze wapi na asipunguze wapi.

Hospitali ile ndiyo iliyonipeleka Tanga kwa mafunzo mafupi. Mkufunzi alimwaga maji kwenye uwanja wa saruji akaleta magari mawili madogo yanayofanana. La kwanza alilifunga matairi mapya mbele na yaliyochakaa nyuma. La pili akafanya kinyume, mapya nyuma. Akayaendesha yote mawili kwenye mduara uleule, kwa mwendo uleule. La pili lilipita. La kwanza lilizunguka kama pia, mkia ukatangulia, likasimama limetutazama. Nilishtuka nikasema kwa sauti kuwa bosi wangu wa Bulwa alinifundisha mpya mbele.

"Alikufundisha lori," Mkufunzi akajibu. "Gari dogo likiteleza mbele, dereva anasikia usukani umekuwa mwepesi, anapunguza mwendo. Likiteleza nyuma hasikii kitu. Atajua ameshageuka."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Nilipofungua duka langu la matairi Lushoto, chini kidogo ya soko, nikayafuata miaka yote. Mkulima wa kabichi mwenye kigari chake, mwalimu, shehe, mchungaji, wote niliwaambia: mpya nyuma. Waliokataa niliwabishia mpaka wakachoka. Wateja walinitania kwamba kwa Mama Zubeda unanunua tairi unapewa na hotuba.

Sasa nifike kwa Naomi.

Naomi ni binti wa mwisho wa Fundi Mkuu. Alipata kazi Tanga, akajinunulia gari la spoti lililotumika, jekundu, milango miwili, tumbo likikaribia kugusa lami. Baba yake alikuwa ameshastaafu na kujenga Lushoto, ng'ambo ya bonde kutoka dukani kwangu, na macho yalikuwa yanamsumbua. Kila Jumamosi Naomi alipanda mlima kumtazama, na kila mwezi alimshusha Tanga kliniki ya macho. Mzee aliyepanda malori maisha yake yote alikaa ndani ya kile kigari kama aliyekalia mkeka, magoti kifuani, anacheka peke yake. Niliwahi kumuuliza kama hachoki. Akasema safari zile ndizo zinazomfanya ahesabu siku.

Jumamosi moja asubuhi wakaja dukani wote wawili. "Shikamoo mama," Naomi akasema. "Nataka matairi manne ila nina uwezo wa mawili. Nipe mtumba manne, basi."

Nikazunguka gari. Nilikuwa na furaha, maana kazi ya namna hiyo ndiyo niliyozaliwa nayo. Gari lile husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ya nyuma yalikuwa yameliwa, vipara vitupu. Ya mbele yalikuwa na nusu ya kashata na mpira wake ulikuwa bado unakubali ukucha. Nikamwambia mtumba asahau. Mtumba wa saizi ile unaokuja kwetu umelala miaka, kashata ndefu, mpira mkavu, na gari la mwendo halisamehe mpira mkavu. Nikamwonyesha pia herufi iliyo mwishoni mwa saizi, inayosema tairi linastahimili mwendo gani, nikamwambia asikubali herufi ya chini ya ile iliyokuja na gari hata akipunguziwa bei. Jina maarufu aliache, rimu za kung'aa aziache. Anunue mawili mapya ya kampuni ya kawaida, yasiyo na hata mwaka tangu yatengenezwe, na yale ya mbele aendelee nayo.

Naomi alifurahi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: toa vipara vya nyuma, weka mapya hapohapo. Nilikuwa nimeshaweka jeki nyuma ya gari.

"Zubeda." Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. "Unafanya nini huko nyuma?"

"Nafunga mapya, Mzee."

"Mpya mbele. Umesahau?"

Vijana wawili niliowaajiri dukani waliacha kazi wakanitazama. Walijua hotuba yangu. Nilifungua mdomo. Nikamwona yule mzee na macho yake yenye ukungu, aliyewaambia wanaume wa Bulwa kwamba tairi halijui nani kalifunga, na nikaona nitamwaibisha mbele ya mwanawe na mbele ya vijana wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikajiambia.

"Sijasahau, Mzee," nikasema.

Naomi alinifuata pembeni kwenye mashine ya kujaza upepo. "Mama, wewe mwenyewe unasemaje? Mbele au nyuma?"

Aliniuliza mteja. Aliniuliza uso kwa uso, na mlimani kote hakukuwa na mtu aliyelijua jibu kuliko mimi.

"Mzee amesema," nikamjibu.

Kwa hiyo nikafanya kazi mara mbili ili nikosee. Nikatoa ya mbele yenye nusu kashata nikayapeleka nyuma, nikafunga mapya mbele, nikapima upepo, nikakaza nati kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee aliyapapasa yale mapya kwa kiganja akaridhika. "Mkono wako bado ni wa Bulwa," akaniambia. Nilitabasamu, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Wiki zilizofuata sikutulia. Mvua ikinyesha naenda mlangoni, ikikatika narudi. Mara mbili nilishika simu nimpigie Naomi, na mara mbili nikaiweka nikijiambia kwamba binti yule ni dereva mwangalifu.

Alikuwa mwangalifu kweli. Siku ya kliniki walishuka asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha, mwendo wa taratibu. Chini ya Soni, kwenye kona moja kati ya zile zinazoelekea Mombo, mkia wa gari ulihama. Naomi alisimulia baadaye kwamba usukani haukumwambia kitu. Aliona tu ukuta wa mlima unapita mbele ya kioo. Gari lilijipiga ubavu kwenye jiwe la mtaro, mlango wa abiria ukaingia ndani. Yeye alitoka mzima. Mzee alivunjika mguu, mfupa wa paja.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniletea habari. Sikufunga duka, nilikimbia.

Nilimkuta Fundi Mkuu wodini, mguu umefungwa, Naomi amekaa kitandani upande wa miguuni. Nikaamkia. Nilikuwa nimepanga kusema pole niondoke, lakini mdomo ulikataa. Nikawaambia yote: uwanja wa saruji, maji, yale magari mawili, daftari langu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukaninyamazia."

"Nilikuheshimu, Mzee."

"Heshima gani hiyo? Mimi nilikufundisha ili nikizeeka awepo mtu wa kunikataza. Ningetaka wa kuniitikia tu, ningemwajiri mwangwi."

 Naomi alinitazama tu, na mimi nilielewa anakumbuka swali lake kwenye mashine ya upepo. Nilipoondoka hakunisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Gari liliuzwa vilevile lilivyo kwa mafundi wa Korogwe. Sasa Naomi hupanda basi, tena mara moja baada ya miezi kadhaa, maana kazi inambana. Akinikuta huniamkia shikamoo, nami huitikia, basi. Mguu wa Fundi Mkuu uliunga vibaya. Anatembea kwa magongo, hatoki nje ya ua wake, na kliniki ya Tanga imekwisha. Mimi nilisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Miezi sita baadaye niliwaachia wale vijana duka. Watu walidhani ni umri. Ukweli ni kwamba nilikuwa siamini tena mdomo wangu, na fundi asiyeamini mdomo wake afadhali aende nyumbani.

Vijana mnaniuliza niwaachie wosia gani wa kazi. Ya ukucha mmeyasikia, ya tarakimu nne mmeyasikia. Gari likiwa la spoti na mfuko mwembamba, nunua matairi mapya mawili kuliko mazee manne, na uyafunge nyuma. Hayo ni mepesi, hata simu zenu zitawaambia. Zito ni kumwambia mtu aliyekulea kwamba hapa umekosea, ukamwambia akiwa bado ana miguu miwili mizima. Hilo sikufundishwa popote, na mimi mwenyewe najifunza uzeeni, tena vibaya.

Nyumbani kupumzika kumenishinda. Kila Jumamosi navuka bonde kwenda kwa Fundi Mkuu. Nafagia ua, namsomea barua, nalima kijibustani chake, sikai. Jumamosi iliyopita alinyoosha gongo akanionyesha pale chini ya ukingo. "Karoti zipande pale."

Nilikuwa nimeshainua jembe. Nikalishusha.

"Hapana, Mzee. Pale maji yanatuama, zitaoza. Nitazipanda huku juu."

Aligeuza uso akauelekeza kule sauti yangu ilikotoka.

"Ungeanza siku ile, Zubeda," akasema, wala hakusema kwa hasira.