Kidonge Kipya Juu ya Vile vya Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kule Ndosho, titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinionyesha meza, daftari na foleni iliyofika hadi barabarani. "Mama Espérance, hapa hatuna wakati wa maneno," akasema. "Jina, dawa, mwingine." Nilikuwa kijana, nikatii. Ninyi mnaoanza uuguzi leo, nawaandikia kwa sababu utii ule bado unanichoma.

Wakati huo wagonjwa wa kisukari tuliwapa vidonge vya aina mbili. Metformini inausaidia mwili kuitumia sukari, nayo hunywewa pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Glibenklamide ina tabia nyingine: inalazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Akiimeza na njaa, sukari inaweza kushuka mno. Atatoka jasho, atatetemeka, ataongea ovyo, mwisho ataanguka.

Vita viliposogea, nilipelekwa Kibati na titulaire yuleyule kuhudumia watu waliokimbia. Huko kikaletwa kidonge kipya chenye dawa zote mbili ndani yake. Ni kitu kizuri, mgonjwa akielezwa. Titulaire alikigawa kama anayegawa sabuni: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwingine."

Papa Bauma alikuwa mfugaji wa Masisi. Ng'ombe wake wote walibaki mlimani. Alikuja na mke wake, Mama Furaha, na mfuko wa vidonge vyake vya zamani. Mimi nilikuwa meza ya pili. Niliuona mfuko ule mkononi mwa mama. Nilijua wanapaswa kuambiwa: hiki kipya kinachukua nafasi ya vile, msivichanganye, na siku mkikosa chakula msikimeze, njoni kwanza mtuulize. Foleni ilikuwa ndefu. Nikanyamaza.

Juma lile chakula cha msaada hakikufika. Siku ya tatu asubuhi, Mama Furaha alimleta mumewe akimshika kwapani. Mlinzi akawazuia mlangoni.

"Muzee amelewa kasiksi. Arudi akili ikishamurudia."

"Bwana yangu hakunywaka pombe hata siku moja," mama akasema. "Amekunywa dawa tu."

Walikaa juani saa nzima. Nilipotoka kuita jina nikamwona: shati limelowa, macho hayamjui mtu. Nikamchoma kidole, kipimo kikaonyesha sukari imeshuka vibaya. Kumeza hakuweza, basi nikampa glukosi kwenye mshipa. Akafumbua macho, akamwita mkewe. Ndipo mama akanionyesha alichokuwa akimpa: kidonge kipya na vile vya zamani, vyote pamoja.

"Titulaire, tumulaze," nikasema. "Dawa hii inakaa mwilini. Sukari itashuka tena."

"Ameamuka. Vitanda ni vya wenye risasi. Aende."

Niligombana naye mbele ya wagonjwa. Akamtoa hata hivyo. Kesho yake, kabla ya saa sita, Papa Bauma alirudishwa juu ya chukudu, gari la mbao tunalobebea viazi na makaa, amefunikwa kitenge.

Ripoti kwa daktari mkuu wa zone, yaani eneo letu la afya, ikasema: "Mgonjwa alikosea kunywa dawa." Nilikataa kutia sahihi. Nikahamishwa, titulaire akapandishwa cheo. Tangu hapo hakuna mgonjwa aliyeondoka mezani kwangu kabla hajafungua mifuko yake yote, akaniachia vidonge vilivyobadilishwa, akaniambia nyumbani kuna chakula gani. Wakubwa walilalamika kwamba nachelewesha foleni. Niliwaacha walalamike.

Sasa niko kwenye pensheni. Watu husema hasira hupoa uzeeni. Yangu haijapoa, na sitaki ipoe. Mwaka jana, sokoni Kituku, mwanamke mmoja mwenye kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinitazama sana usoni. Alikuwa Mama Furaha.

"Mama muuguzi," akasema, "ile siku mulitupa kidonge kipya, mulituambia tuache vile vya zamani?"

"Hapana, mama. Hatukuwaambia. Na mimi nilikuwa pale."

Akaweka chini bakuli la samaki.

"Walinisomea karatasi yao," akasema. "Hii miaka yote najua ni mimi nilimuua."