Mkono wa kushoto unaomzuia Swabaha kutia saini

Saa mbili na nusu asubuhi, Swabaha Muhdhar anatandaza bango sakafuni, sebuleni mwa nyumba yao mtaani Kibokoni katika Mji wa Kale, na kulizunguka polepole, mikono nyuma. Kwenye picha, msichana aliyejitanda leso anamkabidhi mgeni kikombe cha kahawa huku akitabasamu.

Swabaha hatabasamu.

"Mama, hebu njoo utazame," anaita.

Mamake, Bi Mwanakuu, anatoka jikoni akijifuta unga mikononi. Hamalizi hata dakika. "Mbona yuwampa mgeni kahawa kwa mkono wa kushoto? Kwani wa kulia una nini?" anauliza, kisha anarudi kwenye mahamri yake.

Hiyo ndiyo kazi ya Swabaha, mwenye umri wa miaka 43. Huhakiki nembo na matangazo ya biashara kabla hayajatoka, aseme kama watu wa Mji wa Kale watayapokea au watayapa kisogo. Majirani bado hawaielewi kazi hiyo. Wapo wanaomtania kuwa analipwa kwa kukodolea picha macho.

Malipo yenyewe si haba. Kampuni hii ya kahawa peke yake humpa Sh35,000 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya mapato yake. Ndiyo maana asubuhi hii ni nzito. Mabango 12 yanatakiwa kutundikwa Ijumaa, na Wendy, ofisa wa mauzo wa kampuni hiyo, ameketi akisubiri saini.

"Dada Swabaha, mpigapicha amesharudi Nairobi," Wendy anamsihi. "Nani ataangalia mkono?"

"Si umemwona mamangu?"

"Huyo ni mmoja."

"Ni mmoja aliyesema. Wengine hawatakwambia kitu. Watu wa hapa hawaji dukani kugomba, Wendy. Wanakwenda duka la pili, basi."

Kugeuza picha kwa kompyuta kumeshindikana. Kioko, mbunifu wa mtaa wa Buxton aliyelitengeneza bango hilo, alijaribu jana, Swabaha alipoutilia shaka mkono huo, maandishi ya kwenye leso yakasomeka kinyumenyume. Na mwanamke wa mjini humu akiona leso, kwanza husoma jina la leso, ule msemo ulioandikwa juu yake.

Swabaha ameyajua haya kwa kuumia. Miaka sita iliyopita, muuza haluwa aitwaye Kamaludin alimletea nembo ya kupiga chapa kwenye karatasi za kufungia. Jina la duka lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizopindwa kwa ufundi. Swabaha aliipenda papo hapo, akaipitisha.

Haikuwa aya ya Kurani, lilikuwa jina la duka tu. Lakini Kibokoni, karatasi yenye herufi hizo haitupwi jaani wala haikanyagwi. Watu walikula haluwa, wakabaki na karatasi zenye mafuta wasijue wazipeleke wapi. Wengine walizirundika juu ya kabati. Wengine walizirudisha dukani kwa adabu zote, na wengi zaidi wakaacha kununua.

"Kamaludin hakunitukana," Swabaha anakumbuka, sauti ikishuka. "Alikuja na gunia la zile karatasi, akaniuliza, 'Mwanangu, kwani wewe si wa hapa?' Niliona haya, wallahi. Mgeni angekosea, ningesema hajui. Mimi nilijua, ila uzuri ulinipumbaza."

Tangu hapo, hapitishi kitu kwa kukitazama mezani tu. Mfuko wa samaki huupeleka kwa wavuvi wa Liwatoni ulowe kwanza. Karatasi huifungia chakula, akaitupa chini, akaona kama moyo unamkataza. Na bango hulitandaza, akamwita mamake.

Wendy amempigia simu mkubwa wake, akaiweka wote wasikie. Sauti ya mwanamume inatamka wazi kuwa asipotia saini leo, atafutwe mhakiki mwingine.

Swabaha anamrudishia Wendy kalamu. "Basi atafute," anasema. "Ila jina langu lisiandikwe popote."

Wendy anakunja bango. Akifika mlangoni anageuka. "Usinichukie, dada."

"Nikuchukie kwa lipi? Wewe umetumwa tu. Nenda salama."

Mwandishi wa makala haya anapoaga, simu ya Swabaha haijalia. Mwenyewe yuko chumba cha chini, kilichokuwa stoo ya babake, akipaka ukuta chokaa. Mwezi ujao anataka kuanza kuwafundisha humo wabunifu chipukizi, wajifunze kuuliza watu kabla ya kuchora. Tisa wamejiandikisha, na wa kwanza ni Kioko. Viti alivyokusudia kununua huenda sasa vikasubiri.

"Tutakaa mkekani," anasema, akichovya brashi. "Kamaludin nilimpoteza kwa kusema ndiyo, na mpaka leo nikipita dukani kwake nainamisha uso. Hawa wa kahawa nikiwapoteza kwa kusema hapana, nitapita nikiwaamkia."