Niliuza mtamba wa mama nikanunua app tatu, mnadani wakaniuliza "GB ngapi?"

Wakuu, poleni na mihangaiko. Niko Bariadi, na haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa.

Mimi si programmer, ni fundi simu. Niliona vijana wa vyuo wanatengeneza app nzuri za final project, wakishahitimu wanazitelekeza. Nikachagua tatu: ratiba ya kupulizia pamba, kumbukumbu za chanjo za ng'ombe, na makadirio ya mavuno. Lengo nizinunue, ziunganishwe, zifanye kazi bila intaneti.

Mtaji ukatoka kwa mama, mkulima wa pamba Lagangabilili. Alitoa mtamba wake wa pekee.

Wakuu, kwa Msukuma, kuuza mtamba ununue kitu kisichoshikika ni kichaa! Majirani wakambatiza "mama muuza hewa". Iliniuma sana.

(Ukinunua app, dai source code na haki za umiliki kwa maandishi. Usipewe APK tupu, yaani faili la kuinstall tu, ukachekelea.)

App zilipounganishwa, nikaenda mnadani na mama, nikatundika bango: KIFURUSHI CHA MKULIMA. Watu wakajaa. Nikajua nimetoboa.

Mzee wa kwanza: "GB ngapi?"

Wa pili: "Na dakika zimo?"

Nikieleza, wanasonya na kuondoka. Mmoja mwenye pama kichwani akaniita tapeli, mama akisikia.

Kumbe mimi mjinga nimetafsiri "bundle" kichwakichwa. Huku kifurushi ni cha kupiga simu na kuingia mtandaoni, basi!

Nikaanza kukunja bango. Mama akanizuia.

"Ng'wanone, mwanangu, pamba ya watu wengi ikishindiliwa pamoja inaitwaje?"

"Robota."

"Sasa si uandike hivyo?"

Nikageuza bango, nikaandika kwa marker: ROBOTA LA MKULIMA, APP TATU NDANI YA MOJA. Mnada uliofuata wakulima wakaelezana wenyewe, mimi nainstall tu.

Leo ndani ya Robota kuna app ya nne, wateja wamefika hadi Ipililo. Mama nimemnunulia mtamba mwingine, na mtamba huyo tayari ana mimba. Najivunia, sifichi.

Nilichojifunza: code unaweza kuinunua, ila jina kaliulize kwa watakaoitumia. Wenye app zilizolala, au mliowahi kuchemka kama mimi, shusheni comments.

Ila subirini. Juzi yule mwenye pama alikutana na mama mnadani. Akalivua.

"Mwadila, mayu Robota," akamwamkia Kisukuma, yaani mama Robota.

Mama akaitikia taratibu, kisha akanigeukia: "Umesikia nilivyoitwa?"

Nimesikia, mama.